Kiyeyushi cha Profesa

Kama kuna kitu Dufie alikichukia kuliko panya, ni kuua panya bure. Asubuhi ile mshipa wa panya ulikuwa umeshaning'inizwa kwenye birika la kioo, hewa inabubujika vizuri, adrenalini imeshaubana mpaka mstari kwenye kompyuta umepanda juu kabisa. Akafungua chupa ya dawa, tupu! Alisonya msonyo wa kusikika mpaka korido ya pili. Mshipa nao hauwekwi akiba kwenye friji kama mchuzi, ukifa umekufa. Basi, ili panya wa watu asipotee hivihivi, akachukua kiyeyushi kitupu, kile cha kuyeyushia dawa, akatia matone yake.

Mstari ukashuka. Ulishuka taratibu, kwa raha zake, vilevile kabisa kama ulivyokuwa ukishuka kwa dawa.

"Mungu wangu," Dufie akasema, akakaa.

Alikuwa na haki ya kukaa. Msimamizi wake, Profesa Nkansah-Boadu, alikuwa amejenga jina zima juu ya jani moja alilolichuma nyuma ya nyumba ya mama yake kule Bekwai. Seli za mshipa zina vipokezi, ndiyo masikio yake. Adrenalini ikifika, kipokezi kinasikia, kinapeleka habari ndani, seli inajikunja, mshipa unabana, na presha inapanda. Jani la Prof, ilisemekana, linaziba yale masikio. Wanafunzi kadhaa walishapata udaktari wao kwa jani hilo, na hakuna hata mmoja aliyejaribu kiyeyushi peke yake. Wote waliandika sentensi moja: kiyeyushi hakina athari, kama alivyokwisha kuonyesha Profesa. Alionyesha lini? Thubutu kuuliza! Katika idara ile, ingekuwa sawa na kumuuliza mkweo kama ameoga. Dufie naye alikuwa ameiandika, tena kwa herufi nzito. Alikuwa mwaka wa sita. Utetezi wa tasnifu ulikuwa mwezi ujao, na kazi ya kufundisha chuo huko Sunyani ilikuwa inamngoja aende na shahada, si na visingizio.

Tena kiyeyushi chenyewe kilikuwa nini? Spiriti. Profesa, mzee wa kanisa aliyewachoma walevi wa akpeteshie, gongo ya kwao, kila Jumapili mpaka wakatamani kujificha chini ya viti, alikuwa akimeza kijiko cha dawa yake ya jani, iliyoyeyushwa humohumo, kila asubuhi, kwa ajili ya presha. Hakuwahi kuiita pombe. Aliiita kiyeyushi.

Sulemana, mwenzake Dufie wa maabara, mtu wa Tamale mwenye maneno mengi, aliutazama ule mstari akaanza kucheka.

"Dada, funika kombe. Tetea kwanza, tule wali wa jollof, uvae joho. Ukweli utausema ukishakuwa daktari."

"Na mtahini akiniuliza?"

"Unamjibu walivyojibu wenzako. Kwani wewe una nini cha zaidi?"

Dufie alilala na ushauri ule siku tatu, na ulikuwa ushauri mtamu, msimcheke. Lakini kila alipoifungua tasnifu yake, ile sentensi ilimtazama. Siku ya nne akagonga mlango wa Profesa.

"Prof, samahani. Kiyeyushi peke yake kinalegeza mshipa. Sawasawa na jani."

Profesa alivua miwani. "Hukupima vizuri."

"Nimerudia, Prof."

"Basi hukurudia vizuri!"

Akavaa koti jeupe ambalo mikunjo yake ilionyesha limekaa sana kabatini, akashuka maabara mwenyewe. Na hapa lazima tumpe haki yake: mzee alikuwa na mikono. Aliutoa mshipa, akauning'iniza bila hata kuukwaruza. Akatia kiyeyushi. Mstari ukashuka. Akaomba mshipa mwingine, ukashuka. Halafu akaliyeyusha jani kwa kiyeyushi kingine kisicho na kilevi, akatia, akangoja. Mstari ulibaki palepale juu, haukujali kabisa kwamba yeye ni profesa.

Alivua koti, akalikunja upya kwa mikunjo yake ileile, mpaka Dufie akaanza kumwonea huruma.

"Kila asubuhi, Dufie," alisema mwishowe. "Kabla ya maombi."

"Ni kijiko tu, Prof."

"Jumapili nilikuwa naongeza. Kwa ajili ya mahubiri."

Dufie aling'ata mdomo ili asicheke. "Na tasnifu yangu, Prof?"

"Utaandika ulichokiona. Kosa langu nisilibandike kwako." Akafikiri kidogo. "Ila kile kiyeyushi, andika ethanoli. Mke wangu hajasoma kemia."

Siku ya utetezi, kama desturi ya idara, Profesa alifungua kwa sala, na kiti cha mbele alikaa mkewe, Maame Pokuaa, na sufuria za jollof miguuni. Nyuma yake ilikaa kwaya ya kanisa lao. Dufie alisema yote: jani halifanyi kitu, ethanoli ndiyo inayolegeza. Alilitaja neno hilo haraka haraka, kila mara.

Mtahini wa nje, mama mmoja kutoka Accra asiyejua kutabasamu, akaweka kalamu chini.

"Mimi simpitishi mtu asiyeweza kuisema kazi yake kwa lugha ya nyumbani. Mweleze yule mama wa mbele. Ethanoli ni nini?"

Dufie alimtazama Profesa. Profesa aliitazama dari. Mwaka wa sita. Sunyani.

"Ni pombe, Maame," akasema. "Kama akpeteshie. Tofauti yake ni kwamba imesoma."

Mtu wa kwaya akakohoa. Maame Pokuaa akageuka polepole kumkabili mumewe.

"Papa. Ndicho kile cha kwenye kijiko?"

"Ndicho," Profesa akajibu, sauti imekwisha.

"Na wewe ulikuwa hujui?"

"Nilidhani ni jani linalofanya kazi, Pokuaa. Wallahi— namaanisha, Mungu shahidi."

Maame Pokuaa akainua mikono miwili juu, machozi yakimtoka.

"Asante Yesu! Miaka yote naisikia harufu, nafunga, nakesha nikiomba akutoe kwenye ulevi wa siri. Kumbe si mlevi! Kumbe ulikuwa hujui tu! Haleluya!"

Kwaya nzima ikaitikia haleluya. Mtahini aliinamisha kichwa, mabega yakimtikisika, akasema amempitisha, bila masahihisho. Dufie alilia palepale, na Sulemana akawahi sufuria.

Profesa alipewa mikono na watu wote, akapongezwa kwa wokovu wake. Aliitikia kwa heshima, lakini Dufie aliyekuwa karibu naye aliona wazi: kati ya kuitwa mlevi na kuitwa asiyejua, mzee angechagua ulevi.