Tisini na Tano ya Fundi Cherehani

Fundi cherehani yule hakuwahi kupata zaidi ya alama arobaini darasani, na siku alipoiaga shule aliapa kwamba chochote kitakachokuwa chini ya mamlaka yake hakitafeli. Ndiyo maana kila alipofika kituo cha mafuta akaona pampu mbili za petroli, moja imeandikwa oktani 91 na nyingine 95, hakuona haja ya kuumiza kichwa.

"Tisini na tano ndiyo iliyofaulu," alimwambia mdogo wake, mpiga picha. "Gari la marehemu baba halinywi mafuta ya nafasi ya pili."

"Gari halifanyi mtihani, kaka. Tia tisini na moja, foleni yake fupi."

Walibishana hivyo mwaka mzima, hadi mama yao, aliyeyasikia hayo asubuhi, mchana na jioni, akautumbukiza ufunguo wa gari ndani ya kopo la sukari na kutangaza mashindano. Kila mmoja angempandisha mlima wa hospitali kwa mafuta yake, naye angeketi kiti cha nyuma na kikombe cha chai kilichojaa pomoni. Atakayempeleka kwa utulivu zaidi, ufunguo ni wake moja kwa moja. Fundi alikuwa na sare mia mbili za shule za kusambaza. Akishindwa, angezibeba kichwani.

Siku ya kwanza mpiga picha alipanda na kushuka. Chai haikumwagika hata tone. "Si mbaya," mama alisema.

Siku ya pili ikawa zamu ya fundi. Pale kwenye pampu alikuwa ameegemea dirisha la nyuma, akimweleza mama ubora wa namba kubwa. Mhudumu wa pampu alimwuliza jambo. Fundi akaitikia kwa kichwa bila kukata hotuba.

"Unasikia inavyoteleza, mama?" alisema mlimani. "Jana ilikuwa ikikohoa."

"Nasikia, mwanangu."

Waliporejea kituoni, mpiga picha akiwasubiri, mama alimkabidhi fundi ufunguo. "Ya leo imenibeba kama mtoto mgongoni," alisema.

Hapo mhudumu akamvuta fundi pembeni. "Kaka, samahani. Si nilikuuliza, tisini na tano imekwisha tangu jana, nikuwekee tisini na moja? Ukaitikia."

Fundi akatazama huku na huku. "Nani mwingine anajua?"

"Mimi na pampu."

Fundi aliutazama ufunguo, akaziona zile sare mia mbili zikimkalia utosini. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa fupi kuliko zote: hatua tatu tu, kutoka kwenye pampu hadi alipo mama. Akazipiga, akaungama, akaurudisha ufunguo. Mdogo wake alicheka hadi kamera ikamgonga kifuani.

"Basi na mimi niseme langu," mama alisema bila kubadilika uso. "Chai niliimaliza kabla ya kona ya kwanza, siku zote mbili. Mlitaka ipoe?"

Mhudumu, aliyeona kwamba familia hii inahitaji msaada, alifungua kifuniko cha mafuta. "Namba hizi si alama za mtihani. Zinaonesha petroli inavyostahimili kubanwa ndani ya injini bila kujilipukia kabla ya wakati wake. Injini inayohitaji ya juu ukiipa ya chini, hugonga ndani kama nyundo. Isiyoihitaji haiongezewi chochote. Gari lenyewe limeandikwa linachotaka. Someni hapa."

Fundi aliinama, akafuta vumbi kwa ncha ya futi yake ya kupimia nguo, akasoma polepole: "Oktani tisini na moja au zaidi."

"Si nilisema mimi," mpiga picha akadakia.

"Wewe ulikisia," mama alimjibu. "Ulifuata foleni. Jibu sahihi lisilo na njia halipati ufunguo. Mwenzako amekosea, amekiri, kisha amesoma maandishi mpaka mwisho. Ufunguo ni wake. Mia kwa mia."

Fundi alimwomba arudie. Akarudia. Akamwomba aandike, na kwa kuwa karatasi haikuwapo, mama alichukua chaki ya kuchorea nguo kutoka mfukoni mwa mwanawe, akaandika 100 ndani ya kifuniko, chini kidogo ya ile 91.

Fundi hajaifuta hadi leo. Kila akikutana na mhudumu mgeni, huyo hufungua kifuniko, hutazama, kisha humweleza kwa masikitiko kwamba oktani mia hawana.