Mwiko wa Abiria Mmoja

Fei Shuigen alipeleka watu kwenye Ziwa la Magharibi kwa miaka thelathini na mmoja, na katika watu wote hao mkewe hakuwamo. Mfinyanzi hulia gaeni, na mke wa mpiga kasia huliona ziwa akiwa ukingoni.

Si kwamba Xiuzhu hakuomba. Aliomba. Mwanzoni Fei alisema sheria hairuhusu kupakia jamaa bila tiketi, na hilo ni kweli. Xiuzhu akasema atanunua tiketi. Fei akasema wenzake watamcheka, mwanamume gani anamlipisha mkewe, na hilo nalo ni kweli. Siku za mapumziko hakutaka kuona hata mwiko wa kukorogea uji, seuze kasia.

Mwaka ambao binti yao Ting alitimiza miaka sita, safari ilikaribia kuwa. Xiuzhu alikata tiketi, akavaa koti lake la buluu la harusi, akasimama gatini amemshika mtoto mkono. Wakatokea bwana na bibi harusi kutoka kaskazini, wenye kuwahi treni ya jioni, na mashua iliyobaki ilikuwa moja tu, ya Fei. Fei akamwambia mkewe mbele za watu, "Wapishe hawa. Wao wanaondoka leo. Wewe uko hapa kila siku."

Xiuzhu akawapisha. Tangu siku ile hakukanyaga gatini, wala hakuomba tena.

Aliomba tena baada ya miaka ishirini na miwili, asubuhi ya siku ya mwisho ya Fei kazini. Fei alikuwa ametimiza sitini. Xiuzhu aliweka bakuli la tambi mbele yake, akabaki amesimama.

"Leo ndiyo mwisho," alisema.

"Ndiyo."

"Kesho huna mashua."

"Kesho nina usingizi."

"Basi leo nipeleke, Baba Ting. Mara moja tu. Unipeleke wewe, si mtu mwingine."

Fei alikuwa na tambi mdomoni. Angeweza kumeza kwanza, akafikiri. Hakumeza. "Ukitaka njoo," alisema. "Lakini upange foleni kama watu."

Alikusudia mzaha. Mizaha yake yote ilikuwa hivyo, kama kurushiwa kiatu. Akachukua kofia yake ya majani akatoka.

Pale gatini mashua hutoka kwa namba na abiria huingia kwa foleni. Abiria hachagui mpiga kasia, na mpiga kasia hachagui abiria, isipokuwa akiomba kubadilishana zamu na mwenzake. Fei alikuwa na kibao cha shaba chenye namba arobaini na tatu. Nyuma yake, na arobaini na nne, alikuwa Weng Baofu, rafiki yake, mtu mnene asiyejua kunyamaza.

"Mzee Fei, leo unafunga duka!" Baofu alimpokea. "Ukienda zako nani atatununia?"

"Nitakuachia uso wangu. Wako haufai kitu."

"Na mwiko unaujua, lakini. Usije ukasahau uzeeni."

Fei aliujua. Wapiga kasia wa gati lile wanasema mtu anayefunga kazi asipakie abiria mmoja. Anayekodi mashua nzima peke yake hakuja kuona maji, amekuja kulia. Na ukifunga kazi kwa machozi ya mtu, uzee wako utakuwa wa upweke. Fei hakuwa mtu wa kuogopa vivuli. Lakini mwenzao mmoja aliyeitwa Mzee Sang aliudharau mwiko huo, na kabla mwaka haujaisha akamzika mkewe. Fei alibeba jeneza lile. Hakutaka kubeba la mkewe.

Asubuhi alitupa jicho kwenye foleni mara mbili tatu. Xiuzhu hakuwepo. Adhuhuri akala mkate wake wa mvuke akiwa ameielekea njia ya kutoka kituo cha basi, akajiambia anatazama tu hali ya hewa. Hakuja mtu. Akajiambia, mwanamke mzima amejua kuwa ni mzaha. Ila moyo wake haukutulia, kwa sababu Xiuzhu hakuwahi kucheka mizaha yake.

Baada ya saa nane mvua ya rasharasha ikaanza. Wauza makoti wakatoka mbio, na muda si mrefu foleni nzima ikawa imevaa koti moja, la nailoni ya njano lenye kofia ya kufunika mpaka nyusi. Ukitazama kutoka majini, hujui nani kijana nani bibi.

Saa tisa na nusu zamu ya mwisho ya Fei ikafika. Bi Jin, msimamizi wa gati, akapaza sauti kwenye kipaza sauti chake kibovu. "Arobaini na tatu! Mtu mmoja!"

Fei alitazama. Koti moja la njano lilikuwa limesimama mbele ya foleni, limeinamisha kichwa, limekumbatia mfuko wa kitambaa.

"Mtu mmoja?" aliuliza. "Hapana. Baofu, chukua wewe."

"Mzee Fei, hata sura hujaiona."

"Ya nini? Miaka thelathini na mmoja nimebeba watu wa kila aina, leo nifunge na mtu wa machozi? Mchukue wewe, una maneno ya kumliwaza kila mtu. Mimi nipe hao wa nyuma."

Alisema kwa sauti, kama wanavyosema watu wa majini. Wapiga kasia wakacheka. Koti la njano lilipita mbele ya mashua ya Fei, likashuka taratibu kwenye mashua ya Baofu likishika ubao kwa mikono miwili, kama mtu ambaye magoti yake hayamsikii. Fei wakati huo alikuwa akiinama kufuta viti kwa ajili ya abiria wake, familia ya watu watano waliobishana kuhusu nani akae mbele.

Baofu akatangulia. Fei akafuata nyuma mwendo wa kutupa jiwe.

Mvua ilikatika walipokaribia kisiwa, pale zilipo nguzo tatu za mawe zinazochomoza majini. Majani ya yungiyungi yalikuwa yameanza kukauka, yamepinda shingo. Fei alikuwa akiwaambia abiria wake yale yale anayoyasema siku zote, kwamba usiku wa mwezi mpevu huwasha mishumaa ndani ya nguzo, alipoona Baofu ameacha kupiga kasia. Mtu asiyejua kunyamaza alikuwa amenyamaza.

Abiria wa Baofu alikuwa amevua kofia ya koti. Nywele zake zilikuwa za mvi, zimefungwa kwa kibanio cha kahawia. Fei mwenyewe alikinunua kibanio kile. Ndani ya koti la njano ilionekana kola ya buluu, ya koti lisilofunga vifungo tena. Kwenye kimeza cha mashua palikuwa na chupa ya chai na vikombe viwili, na kimoja tu ndicho kilichokuwa na chai.

"Mama Ting!" Fei aliita.

Xiuzhu aligeuka. Hakuwa analia. "Piga kasia," alimwambia. "Una watu."

"Kwa nini hukusema kuwa ni wewe?"

"Nilipanga foleni kama watu."

"Shemeji amepisha watu tisa, Mzee Fei!" Baofu alishindwa kujizuia. "Tisa! Anahesabu mashua mpaka namba yako ifike. Mimi nimemjua tulipokwisha kutoka, akaniambia ninyamaze nimpeleke."

"Geuza, Baofu! Njoo ubavuni, tubadilishane hapa hapa!"

"Ubadilishane nini, na watu watano? Ukimtumbukiza mmoja utastaafia jela!"

Ni kweli. Kuhamisha abiria katikati ya ziwa ni marufuku, na yeye ndiye aliyewafundisha vijana wote sheria hiyo kwa matusi. Bibi wa ile familia akamuuliza, "Mzee, yule ni nani?"

"Ni mke wangu."

"Sasa mbona amepanda kwa mwingine?"

Fei akavuta kasia. Mashua ya Baofu ikapita nyuma ya nguzo za mawe ikaelekea kwenye tuta linalokata ziwa, na yeye njia yake ilikuwa upande wa kisiwa.

Aliporudi alirudi mbio, abiria wakilalamika kwamba hawajaona kitu. Gatini wenzake walikuwa wamejipanga wakipiga makofi. Bi Jin alikuwa na sanduku lililotandikwa kitambaa chekundu. Juu ya mlingoti bendera ya upepo, ya kuzuia mashua kutoka, ilikuwa imeshapandishwa.

"Bi Jin, nipe dakika ishirini. Nimzungushe mke wangu."

"Upepo unakuja, Mzee Fei. Huioni bendera?"

"Dakika kumi. Hapa hapa karibu."

"Wewe ungemruhusu mtu?"

Asingemruhusu. Alifungua kibao kifuani akakiweka kwenye kitambaa chekundu, na makofi yakapigwa tena, na mtu mmoja akampa zawadi ya birika la umeme.

Xiuzhu alikuwa ameketi kwenye benchi chini ya mierebi, amelikunja koti la njano vizuri kama nguo ya kurudisha kwa mwenyewe. Fei akakaa. Birika akaliweka mapajani.

"Sikukujua," alisema. "Yale makoti yote sawa. Na ule mwiko, ujue, niliuogopa kwa ajili yako. Mzee Sang..."

"Baofu ameniambia."

"Ungeniita tu jina."

"Mara ile ulinijua, ukanitoa. Leo hukunijua, ukanitoa. Kwangu mimi safari ni ile ile, Baba Ting."

Upepo ulifika, ukayakunja maji. Wapiga kasia walikuwa wakifunga mashua, ya arobaini na tatu pamoja na nyingine.

"Kesho nitakata tiketi," Fei alisema. "Twende wote wawili. Baofu atupeleke."

"Baofu amenipeleka leo. Anajua kazi. Nilitaka kukuona wewe unavyofanya. Miaka yote hii unarudi umechoka, na mimi sijui unachoshwa na nini."

Fei aliangalia viganja vyake. Vilikuwa na sugu tangu enzi ambazo Ting hajazaliwa.

"Chai ipo?" aliuliza.

Xiuzhu akatoa kikombe cha pili, kile kisafi, akammiminia. "Imepoa."

Fei akanywa yote.

Basi lilikuja limejaa nusu. Lilikuwa lipite kando ya ziwa mpaka kwenye daraja, na Fei akajibana ili mkewe aingie kwanza. "Kaa wewe dirishani," alimwambia.

"Kaa wewe," Xiuzhu alisema. "Mimi nimeshaliona."

Fei akakaa dirishani. Kioo kilikuwa na ukungu, na hakukifuta.