Barua ya Mstari wa Saba

Huko Hombolo zabibu huchumwa na watu wawili wawili, mmoja upande huu wa mstari, mwingine upande ule, majani katikati. Msimu huu Violeth alipangwa mstari wa saba na Ulimboka, kijana mgeni pale shambani. Kwa wiki tatu Violeth aliona vidole vyake na kipande cha shavu tu, ila maneno yalipenya bila shida.

Na maneno yenyewe sasa. Ninyi ni wa ukoo gani? Ungeweza kuishi Bahi, kwenye mpunga? Baba yako ni mkali? Haya niambieni, mwanamume anayeuliza hivyo anatafuta nini, zabibu? Violeth alijibu yote, akataja hadi ugoro anaoupenda baba yake. Siku ya mwisho Ulimboka akasema, "Jumapili naleta barua ya posa. Itapokelewa?"

"Itapokelewa," Violeth alijibu.

Jioni alimwambia baba yake, Mzee Msafiri, "Barua ikija ipokee. Mwenyewe namfahamu." Usiku huo hakupata usingizi kwa furaha.

Jumapili Ulimboka akaja, shati limenyooshwa, ugoro mfukoni, na mzee mmoja wa kumsindikiza. Violeth akaitwa akae mkekani kando ya shangazi yake. Baba akafungua barua, akasoma polepole: kijana wetu Paskali, mpima kreti wa shambani, anaomba kumchumbia binti yenu.

Violeth alidhani amesikia vibaya. Paskali? Yule wa mizani, ambaye hawajawahi kuvuka "habari za kazi"? Alimtazama Ulimboka, naye alikuwa anatabasamu kama mtu aliyemaliza kazi yake vizuri.

"Mwanangu, si ulisema unamfahamu?" baba aliuliza.

"Ninayemfahamu ni huyu aliyeileta, baba."

Shangazi akajishika mdomo. Tabasamu la Ulimboka lilikauka, na alipojibu alikuwa anautazama mkeka.

"Mzee, mimi nina mke na watoto wawili. Mshenga hatumwi kapera. Paskali ana haya, aliniomba nimuulizie. Nilidhani binti anajua."

Machozi yalimjaa Violeth, lakini hakuyaacha yadondoke mbele yao. Aliinuka, akaitoa barua mkononi mwa baba yake, akaikunja, akamrudishia Ulimboka.

"Mpelekee mwenyewe barua yake," alisema. "Mwambie akinitaka, aje aniulize kwa mdomo wake, nikiwa namwona uso."