Wageni wa Faili ya Naliaka

Naliaka alikuwa akichambua maharagwe kwenye ungo, chumbani kwake Kangemi, karani wa kliniki alipotokea juu ya kochi. Kidole chake kilikuwa bado kimenyooka mbele, kama cha mtu anayebonyeza kitu ambacho hakipo tena. Alikuwa Jamleck, kijana wa dirisha la usajili, yule ambaye huwapa wazee kiti chake mwenyewe foleni ikiwa ndefu.

"Habari ya mchana, mama."

"Nzuri, Jamleck. Kwema?"

"Kwema. Nimefungua tu faili yako, nione kama imeingia vizuri kwa hii kompyuta mpya."

"Na imeingia?"

"Imeingia yote, mama. Hata zile karatasi za zamani."

Naliaka aliweka ungo kando akabandika chai, kwa kuwa mtu haji kumwona mgonjwa akaondoka na koo kavu. Jamleck alikunywa, akaosha kikombe chake mwenyewe, akatoka mlangoni kutafuta gari la kumrudisha mjini.

Kliniki yenyewe ilikuwa ghorofani, upande wa River Road. Naliaka aliichagua zamani kwa sababu hakuna mtu wa Kangemi aliyekuwa akipanda ngazi zile. Alikuwa na virusi vya UKIMWI, alimeza dawa zake kila jioni, na alikuwa na nguvu kuliko majirani wengi wasiokuwa na kitu. Faili zilipotolewa kabatini na kutiwa kwenye kompyuta, kila aliyefungua ya Naliaka alijikuta kwa Naliaka. Alikuja mfamasia. Alikuja fundi wa mitambo, akiwa na waya shingoni. Alikuja mama mmoja wa ofisi za Upper Hill, ambaye hata yeye hakujua faili ilimfikiaje. Huyo alikaa kwenye ncha ya kochi, akasifu vitambaa, akauliza vilishonwa na nani. Wote walikuwa watu wa adabu.

Vikombe vilipopungua, Naliaka aliazima kwa jirani yake, Wanjira.

"Shosho, hawa watu wako ni wa kanisa?" Wanjira aliuliza, akimwita bibi kama watoto wa mtaa.

"Ni wa hospitali."

"Ai, si wanakupenda! Mimi nikilala na homa hata paka hapiti hapa."

Kulikuwa na jambo moja tu lililomnyima Naliaka usingizi. Mjukuu wake Everlyn, aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, hakujua kuhusu virusi. Naliaka alikuwa amepanga kumwambia siku atakapomaliza chuo, wakishakula kuku, na amwambie kwa mdomo wake mwenyewe, kwa mpango wake. Kulikuwa na kipande ambacho angekiacha nje. Marehemu mzee wake, Dalmas, alijua kwamba ana virusi akanyamaza, hadi mkewe naye akaugua. Dalmas huyohuyo ndiye aliyempeleka Everlyn shule kwa baiskeli, asubuhi baada ya asubuhi, mpaka miguu yake ikakataa. Msichana alikuwa bado anatembea na picha yake kwenye pochi. Naliaka alikwisha kumsamehe siku ya mazishi, na hakuona sababu ya kumfukua.

Bahati ni kwamba watu hufungua faili saa za kazi, na saa za kazi Everlyn alikuwa chuoni, huko Kinoo, akisomea utunzaji wa rekodi za afya.

Siku ya Alhamisi lilikuja darasa zima kutoka Kinoo.

Walitokea kwa pamoja, kwenye kochi, kitandani, juu ya ndoo zilizofunikwa, na waliokosa mahali wakasimama wamebanana hadi dirishani. Katikati yao alisimama mwalimu wao, Ndegwa, akiwa na ile tochi ndogo ya kuonyeshea ukutani. Alimsalimu mwenye nyumba kwa heshima, kisha akaendelea na somo. Lilikuwa somo la faragha na usalama wa taarifa za wagonjwa.

"Basi, nani ana ruhusa ya kuona faili kama hii?" aliuliza.

"Mgonjwa mwenyewe na anayemtibu," darasa likajibu.

"Na wengine?"

"Hapana!"

"Vizuri sana. Mama, nisaidie sukari."

Naliaka alimpa sukari. Wanafunzi walikunywa kwa zamu, watatu kikombe kimoja. Msichana mmoja aliokota maharagwe yaliyomwagika, mwingine akalipepea jiko la makaa la Naliaka kwa daftari ili lishike haraka. Naliaka aliwatazama uso kwa uso, akitafuta uso mmoja, na hakuupata.

"Mwalimu," alisema, "si ungefuta jina?"

"Namba ya simu nilifuta, mama. Lazima tufuate sheria." Ndegwa alikunywa funda la mwisho. "Mfano wa ukweli unawasaidia sana hawa watoto. Muhula ujao nitaleta wale wa jioni."

Kijana mrefu aliyeitwa Kitavi, aliyekuwa ameinamisha kichwa kukwepa rafu, alimnong'oneza, "Shosho, kuna mmoja nje. Jina lilipotokea tu, alifunga macho."

Naliaka alitoka. Everlyn alikuwa amesimama karibu na mitungi ya maji, macho yamefumbwa bado, kana kwamba faili ilikuwa imetundikwa kwenye kamba ya nguo mbele yake.

"Sikusoma, Kukhu," alisema, kwa jina alilomwita bibi yake tangu utotoni. "Niliona jina lako, nikakataa."

"Najua. Ungesoma ungekuwa ndani."

"Sasa nifungue?"

"Fungua, mjukuu wangu. Hapa nje ni nguo za Wanjira tu."

Darasa liliosha vikombe, likaaga, likashuka hadi Waiyaki Way kungoja magari. Mwanafunzi mmoja alikuwa amekaza komeo la mlango lililolegea, bila kuombwa.

Jioni hiyo Naliaka aliona kuku hawezi kungojwa tena. Alikaanga mayai. Darasa zima lilikuwa linajua, na aliyekuwa hajui ni mtu wake mmoja tu, aliyekaa mbele yake akikata mkate. Akafuta mikono kwenye leso.

"Everlyn, kuna kitu nimekuwa nikikuwekea nikwambie."

Mwanamume wa makamo mwenye tai akatokea kwenye kochi. Alionekana amechoka. Alieleza kwamba ni wa kampuni ya bima, kwamba wameongezewa saa za kazi mwisho huu wa mwezi, na kwamba hakukusudia kuingilia chakula cha watu.

"Pole sana kwa hivyo virusi, mama," alisema, na ilionekana wazi kwamba anamaanisha. "Si mchezo. Lakini unajitunza, naona."

"Asante, baba. Karibu chai."

Everlyn ndiye aliyemmiminia. Alimpa kikombe kwa mikono miwili, akarudi mahali pake, akavuta kigoda kikaribiane na magoti ya bibi yake.

"Kukhu, ulikuwa unaniambia kitu. Mimi nakusikiliza wewe."

Basi Naliaka alianza mwanzo kabisa, kana kwamba hakuna aliyetangulia kusema. Alieleza kikohozi, na ngazi za kliniki, na dawa za kwanza zilizokuwa zikimpa ndoto mbaya. Aliongea polepole, na Everlyn alikuwa amemshika kidole gumba, kama alivyokuwa akikishika utotoni wakivuka barabara.

"Babu yako hakujua," Naliaka alisema. "Yule mtu angejua, angeniambia."

Mgeni alikohoa kidogo, akaweka kikombe chini.

"Samahani, mama, sitaki kukukata. Hapa imeandikwa alijua. Alipimwa mapema, akaomba usiambiwe." Alisema kwa upole, kama mtu anayemwonyesha mwingine kifungo kilichofunguka. "Nimesema tu, isije ikakuletea shida baadaye kwa fomu."

"Asante," Naliaka alisema.

Everlyn alivuta pochi yake, akaifunika kwa kiganja. Mengine yalibidi yangoje, kwa kuwa mgeni alikuwa bado hajamaliza chai.