Chupa Nzuri ya Chai Chungu

Bi Leung, mzaliwa wa Guangdong, China, alikuwa na kibanda Mchafukoge alikochemsha chai ya mitishamba ya kwao, nyeusi na chungu kama shubiri. Wapagazi wa Kariakoo waliinywa uso wameukunja, wakasifu kwamba inatuliza koo.

Mkwewe Ubeid, aliyesomea ubunifu wa matangazo, aliona aibu.

"Mama, chai yako haina stori. Watu wa maofisini kule Posta hawawezi kuinywa hivi hivi."

Akatengeneza chupa nyembamba yenye lebo ya dhahabu, joka limemkumbatia twiga, na jina: Utulivu wa Mababu.

"Mababu wa nani?" Bi Leung aliuliza.

"Wa wote, mama."

Siku ya uzinduzi, wageni walipiga picha chupa zikiwa mashavuni. Ubeid alihutubia kuhusu urithi hadi jasho likamtoka, kisha akawaomba wote wanywe kwa pamoja. Wakanywa. Dada mmoja aliitema kwenye ua la mapambo. Mshereheshaji alibaki mashavu yamemjaa, hawezi kumeza wala kutangaza.

Ubeid akamvuta mama mkwe pembeni.

"Mama, tuitoe hii mitishamba."

"Sasa itabaki nini?"

"Chupa. Chupa wameipenda."

Bi Leung alicheka mpaka akashika ukuta, akamwachia chupa zake, akarudi kwenye jiko lake.

Siku hizi Utulivu wa Mababu ni maji, sukari na rangi ya kahawia. Unanunuliwa sana, na Ubeid anaalikwa kufundisha wenzake namna ya kuokoa utamaduni.