Tikisa Mara Mbili

Kahama ukimwambia mtu unasafiri, anakuuliza nani amefariki. Kwetu watu husafiri kwa sababu ya msiba, harusi au rufaa ya hospitali. Kwa hiyo nilipotangaza kwamba mimi, mume wangu Bujiku na binti yetu Wema tunakwenda Kigali kucheza, jirani yangu Mama Onesmo, aliyekuja kupimwa gauni, alinishika mkono akaniambia pole.

"Pole ya nini? Nimesema tunakwenda kucheza."

"Najua, Mama Wema. Mungu atawatia nguvu."

Nilikikata kitambaa chake nikiwa nimenuna. Mimi ni fundi cherehani, na nikinuna mkasi wangu unasikika hadi barabarani.

Wazo lenyewe lilianzia kwa Wema, ambaye ana miaka kumi na mdomo wa miaka arobaini. Aliona kwenye simu ya Raudha, mfanyabiashara wa mchele tunayepakana naye upande wa pili, video ya bustani ya michezo: vigari vya kugongana, vitelezi vya majini, na katikati gurudumu kubwa lenye vikapu vya kukalia, linalopandisha watu juu kuliko mnara wa simu. Palepale akamkimbilia baba yake kumwuliza kama watapanda pamoja. Bujiku alikuwa ameinamia simu ya mteja iliyopasuka kioo. "Tutapanda," akajibu bila kuinua macho. Wazazi tunaahidi hivyo kila siku na watoto wanasahau. Kosa lake ni kwamba aliahidi mbele yangu.

Bujiku alikuwa mchimbaji wa dhahabu huko Geita. Siku moja duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao, lilimporomokea, na tangu hapo miguu yake haijaamka. Kiti chake cha magurudumu kilikuwa kinamtoa chumbani kumfikisha kibarazani, anapotengeneza simu na redio, kisha kinamrudisha chumbani. Kukiwa na harusi, "nendeni ninyi." Kanisani, "nendeni ninyi." Nilikuwa nimechoka kuwa ninyi. Nilitaka mara moja tu tutoke sote watatu, mtoto akae katikati ya baba na mama yake kama watoto wa wenzangu. Lile "tutapanda" nililidaka kama mtu anavyodaka kuku aliyekata kamba.

Tulianza na Dubai, kwa sababu kuota hakulipiwi. Nilipoulizia nauli nilicheka peke yangu hadi Wema akaniletea maji. Ndipo Raudha akasema, "Mama Wema, unatafuta nini Dubai na bustani ile iko Kigali? Mimi naenda huko kila mara kufuata wateja wangu wa mchele. Changieni mafuta, twendeni na Noah yangu." Viza hatuhitaji, sisi ni majirani. Pa kulala tulipata kwa masista, chumba cha chini kisicho na ngazi hata moja, kwa bei ya watu wanaomwogopa Mungu. Na dengu za shamba letu la Mhunze, kwao Bujiku, zilikubali mwaka huo, tukaziuza, zikatulipia safari.

"Kigali si nje," alisema mteja mwingine akibenua midomo.

"Daraja la Rusumo pale mpakani unavuka bila kitambulisho?" nikamwuliza. Basi ni nje.

Kilichobaki kilikuwa kiti cha Baba Wema. Kwenye Noah hakuna shida; ana ubao wake laini, anauegesha kati ya kiti na gari, anajisukuma kwa mikono yake mwenyewe hadi ndani, na ole wako umguse. Nilitaka kujua habari za bustani yenyewe. Nikampigia dada mmoja wa mapokezi, Claudine, mwenye Kiswahili kizuri na subira kubwa zaidi.

"Mlango wa choo ni mpana?"

"Ni mpana sana, mama."

"Mpana ni kanzu, dada yangu. Nipe inchi."

Alikwenda kutafuta futi. Nilimpimisha mlango wa choo, lango, njia ya kwenda kwenye vitelezi na meza za chakula. Mwisho nadhani alikuwa akiiona namba yangu anachukua futi kwanza ndipo anapokea. Kila kitu kilikubali ila gurudumu. Hapo palikuwa na kidaraja kimoja cha kupandia, na kiti cha magurudumu hakiingii kwenye kikapu.

"Lakini usijali," alisema Claudine. "Tuna vijana wenye nguvu. Watambeba."

Nilimpelekea Bujiku habari hiyo mezani kama mtu anayepeleka nyama. Alirudisha tonge lake la ugali sahanini.

"Nendeni ninyi," akasema.

"Baba Wema, ni kidaraja kimoja tu!"

"Unajua nilivyotolewa porini siku ile?"

Nilijua kwamba walimlaza juu ya mlango wa kibanda, wakampeleka mabegani hadi barabarani. Yaliyobaki hakuwahi kuniambia.

"Kila kijiji tulichopita, kina mama walikuwa wanatua ndoo zao na kupiga yowe. Mwanamume akibebwa mabegani ni maiti, nani asiyejua? Na mimi nawasikia, Mama Wema. Nataka kuinua mkono niwaambie ningali hai, mkono hauinuki. Nimelala pale nasikiliza msiba wangu." Akanawa mikono ingawa hakuwa amekula. "Mtu huliliwa mara moja. Mimi yangu nimeshaitumia. Sibebwi tena."

Mwanamke mwenye akili angenyamaza hapo. Mimi nilikwenda kwa Masalu.

Masalu ndiye aliyekuwa mwenzake duarani. Bujiku alikuwa chini anachimba, Masalu juu kwenye winchi, anamshusha na kumpandisha kwa kamba. Siku hizi anauza vipuri vya pikipiki mjini. Nilimwomba aje na vijana watatu, wamzoeze Bujiku kubebwa. Nilidhani akizoea kwa marafiki hatawaogopa wageni. Masalu alikuna kichwa, lakini mimi nikishika jambo silegezi, akakubali.

Walikuja Jumamosi mchana. Kabla Bujiku hajamaliza kuitikia salamu walishamnyanyua mabegani, wawili mbele na wawili nyuma, wakaanza kumzungusha uani huku wakicheka. Na Mama Onesmo, ambaye tangu nilipomwambia habari ya safari alikuwa anasubiri tu kujua nani amefariki, akachungulia juu ya ua. Aliona wanaume wanne na mtu mabegani.

"Mayuuu!" akapiga yowe. "Bujiku amekwenda! Bujiku amekwenda!"

Mtaa mzima uliitika. Kina mama waliingia wamejifunga kanga viunoni, mmoja na kuni kichwani tayari kwa kupika matanga, mwingine amekwisha kujitupa chini mlangoni pangu. Na marehemu yuko juu, ametoa macho, anapiga kelele, "Nishusheni! Nishusheni!" Ilichukua muda kuwatuliza. Yule wa kuni aliondoka amekasirika, kana kwamba tumemdhulumu.

Mtu mwingine angecheka, na mimi leo nacheka. Siku ile Bujiku aliingia chumbani, akaegesha mlango. Wema akaniangalia, machozi yanamlengalenga. "Mama, umeharibu," akasema. Alikuwa anasema kweli, na niliona aibu ambayo hata mkasi usingeikata.

Wale vijana waliondoka. Masalu alibaki. Alivuta kigoda akakaa nje ya mlango wa chumba, akaegemea ukuta.

"Bujiku. Nani alikuwa anakupandisha kila jioni?"

"Wewe," ikajibu sauti ya ndani.

"Nilikuwa nakubeba?"

"Hiyo ilikuwa kazi. Ulikuwa unavuta kamba."

"Nilikuwa navuta nikijisikia?"

"Thubutu!" Sauti ya Bujiku ilipanda. "Aliye chini ndiye anayeamuru. Mimi nikitikisa kamba mara mbili, unavuta. Nisipotikisa, hugusi."

"Na mara moja?"

"Mara moja, nimefika salama."

Masalu alitazama viganja vyake. "Siku ile nilikushusha, nikasubiri ile moja. Nikasikia ardhi inaunguruma, nikaendelea kuishika kamba, nikisema huyu atatikisa. Wenzetu walinibandua mikono wakaanza kuchimba. Mpaka leo, Bujiku, nikilala naota nimeishika."

Nilijifanya natafuta uzi. Sikuwahi kujua kwamba Masalu naye hakuwa ametoka kwenye lile duara. Mlango ukafunguka na kiti kikatokeza.

"Mama Wema," alisema Bujiku, "una turubai?"

"La kutosha hema."

"Nishonee kiti. Mishipi minne ya kushikia, na hapa mbele kamba ya kwangu. Halafu mpigie yule dada wa Kigali. Mwulize kama vijana wake wanajua kusubiri."

Nilishona turubai lile nyuzi mbili mbili, kila kona nikairudia hadi sindano ikakatika. Masalu akapitisha kamba ya kuvutia juu ya boriti ya pagale letu, chumba kile ambacho tutakipaua Mungu akipenda, wakafanya mazoezi jioni nzima. Bujiku anajiingiza kwenye turubai kwa ubao wake, anakaa sawa, anaangalia mawingu kama bosi. Akijisikia, anatikisa mara mbili. Masalu anavuta. Mama Onesmo alichungulia tena juu ya ua. Safari hii aliuliza kwanza.

Tukaondoka. Raudha aliendesha huku akiimba kaswida na kula karanga, Wema akatusomea kila kibao cha barabarani toka Kahama. Tulipovuka Rusumo na gari likahamia upande wa kulia wa barabara, Wema alipiga kelele kwamba Raudha amekosea njia, na Bujiku akacheka kicheko ambacho nilidhani kilibaki Geita. Nilitazama nje dirishani ili asinione.

Claudine alitupokea langoni, msichana mwembamba, futi ikining'inia mfukoni. Nilipima mlango wa choo mwenyewe, si kwamba nilimshuku. Ulikuwa vilevile alivyosema. Wema aligongana na kila aliyekuwa na kigari. Kisha tukafika kwenye gurudumu. Vijana wanne waliovaa fulana za njano wakasogea wakitabasamu, mikono tayari.

"Subirini," alisema Bujiku.

Akatandaza turubai lake, akaegesha ubao, akajisukuma taratibu hadi ndani. Nyuma yetu foleni ilikuwa inarefuka. Niligeuka nikaitazama vizuri, yeyote aliyetaka kulalamika akaahirisha.

"Shikeni mishipi," Bujiku aliwaambia, "lakini msininyanyue. Mimi ndiye nitakayesema. Mnaiona hii kamba? Ikitikisika mara mbili, ndipo."

Wale vijana waliangaliana, kisha wakashika. Wakasubiri. Akaweka shati lake sawa. Akamtazama Wema, akanitazama mimi, akaona kila kitu kiko alivyotaka. Akatikisa mara mbili. Wakamnyanyua, wakapanda kile kidaraja, wakamketisha kikapuni, yakaisha. Hakuna mama aliyetua ndoo. Mtoto mmoja kwenye foleni alimwuliza mama yake kama na yeye anaweza kupata kamba.

Wema akakaa katikati. Gurudumu likaanza kupanda, na hapo ndipo nilipogundua kwamba mimi, niliyeuliza inchi za kila mlango, sikuuliza urefu wa kwenda juu. Nilifumba macho nikashika chuma. Wema akanisimulia nisivyotaka kusikia: mabati, vilima, watu wadogo kama dengu. Tulipofika juu kabisa kikapu kikasimama, kikawa kinayumba.

Nikahisi kitu mkononi mwangu. Bujiku alikuwa ameniwekea ncha ya kamba kwenye kiganja. Nyingine aliishika yeye. Uso wake ulikuwa umelowa na hakuufuta.

Akatikisa mara moja.

"Mpigie Masalu," akasema.

Nilimpigia macho yakiwa nusu wazi. Simu iliita kidogo tu. Nyuma yake nikasikia pikipiki zikiunguruma na mtu akiulizia bei ya cheni.

"Shemeji, kuna nini? Nani amefariki?"

"Hakuna aliyefariki, shemeji. Tuko juu. Ametikisa."

"Mara ngapi?"

"Mara moja."

Yule mteja aliulizia cheni tena. Kisha nikamsikia Masalu akivuta pumzi ndefu, akipenga kamasi.

"Wabeja, shemeji," akashukuru kwa Kisukuma. "Mwambie sasa naiachia."