Mganga Asiyechoka

Mhariri wa jarida la hadithi za ajabu alinirudishia hadithi yangu kwa mara ya tatu.

"Mzee, lugha yako haina kasoro," alisema, akinisogezea kiti. "Lakini huyu mganga anaponya watu kwa kuwagusa tu, wala hapungukiwi kitu. Nguvu ya bure haina hadithi. Mlipishe."

"Binti yangu, nimesoma shule ya jioni nikitoka kiwandani. Gharama naijua."

"Basi iandike. Nikiipata kabla ya Ijumaa, inaingia toleo hili. La sivyo, nafasi nampa mwingine."

Nyumbani nilimgeuza mke wangu ubavu, nikampaka mafuta mgongoni, nikabadilisha shuka. Tangu kiharusi kimlaze, kazi hiyo ni yangu peke yangu. Mdogo wake alitaka kuja kusaidia, nikamkatalia. Mke wangu, mzigo wangu.

"Enhe, Profesa, wamesemaje?" mke wangu aliuliza, kwa jina la utani alilonipa tangu shule ya jioni.

Nikamweleza.

"Huyo binti ana akili," alisema. "Mganga wako ni bomba la maji? Na hata bomba huziba!"

Nilikaa kwenye meza ya kupigia pasi nikajaribu. Nikampofusha mganga, nikafuta. Nikamfisha mwanawe; nikafuta. Vyote vilikuwa vya kuazima. Bei ya kweli niliijua tangu mhariri alipofungua kinywa, ila hakuna hadithi yangu inayotoka nyumbani kabla mke wangu hajaisikia. Kuandika kwamba mganga amechoka kungekuwa kumwambia yeye.

Mwishowe niliandika. Mganga anamwacha mgonjwa wake, anashika fremu ya mlango asianguke. Anasikia akiitwa tena. Kwa kitambo kidogo anatamani asingeitwa.

Nilimsomea. Pale kwenye mlango niliacha kusoma, nikajifanya nakohoa.



"Hapo usiguse," alisema. "Ipeleke hivyo hivyo." Kisha: "Mpigie mdogo wangu."

"Hakuna haja, mimi bado nina nguvu."

"Baba watoto. Piga."

Nikapiga, nikamshikia simu sikioni, maana mkono wake hauinuki. Nilimsikia akimwambia mdogo wake aje na nguo za kukaa, si za kutembelea. Sikubisha. Niliegemea ukuta, simu ikiwa bado mkononi, nikafumba macho.